Fangasi Hawa, Fangasi Hizi

Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Siku ya tatu baada ya kumzika, wakati wanawake wa jumuiya wakipakua chakula cha watu wa msibani, niliingia stoo kutafuta sinia la ziada. Nikakuta ndoo zilizotoboka zimepangwa kwa ukubwa, makopo ya rangi, mifuniko isiyo na masufuria, na beseni ambalo mimi mwenyewe nililipasua nikiwa darasa la pili na nikachapwa kwa ajili yake. Nyuma ya pipa la unga, imeegemezwa ukutani, kulikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Niliigeuza. Mgongoni ilikuwa na herufi S iliyokwaruzwa kwa msumari.

Niliirudisha palepale, nikaisukuma kwa mguu mpaka isionekane. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, nasali, nachangia misiba ya watu, nina duka langu Viwanja Sitini, na nilikuwa naogopa sahani.

S ilikuwa ya Skola. Skolastika, binti wa shangazi yangu, aliletwa kwetu Lipangalala kutoka Mahenge baada ya mama yake kufariki. Alishuka kwenye basi na mfuko wa salfeti wenye nguo zake zote, na alikuwa na miguu mizima. Naitaja miguu mapema kwa sababu baadaye kwetu ilisemwa kwamba alikuja nayo vile, na huo ni uongo ambao nimeusikia mara nyingi kuliko sala ya jioni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akamjibu. "Mama yako mmemzika juzi. Mimi niite shangazi."

Baba alicheka kidogo, kama alivyocheka kila mara aliposhindwa kujua asimame upande gani. Mimi nilikatazwa kumwita dada. Niliambiwa akizoea hivyo atapanda kichwani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu hata hizo mbili zilionekana nyingi. Msimu ule wa mpunga Skola alisimama kwenye majaruba yetu tangu asubuhi mpaka jua linashuka, akipandikiza, maji yakimfika katikati ya miundi. Baba alisema uhamisho wake wa shule unashughulikiwa. Uhamisho ule sijui ulikwama wapi. Siku hizi nadhani haukuwahi kuombwa. Mimi nilienda shule, nikarudi, nikampa Skola madaftari yangu anifanyie hesabu, na alizipata zote.

Ninyi mliolelewa kwenye mpunga mnajua kinachofuata. Ngozi katikati ya vidole ilianza kuwa nyeupe na laini, halafu ikachanika, halafu ikaanza kunuka. Fangasi. Kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye nazo na hakuna aliyeshangaa, lakini mama alishangaa. Alisema msichana ameshuka nazo kutoka milimani.

"Fangasi hizi hakuzipata kwangu," alimwambia baba. "Na zinaambukiza."

Ndipo sahani ya bati ilipokwaruzwa S. Ikafuata beseni lake, kata yake, na mkeka wake ndani ya stoo, katikati ya magunia. Sisi watatu, baba, mama na mimi, tulikula sinia moja kwenye jamvi. Skola alikaa mlangoni mwa stoo na sahani yake magotini. Alikula polepole, akitutazama. Nilidhani anatamani mboga yetu, kumbe mboga ilikuwa ileile. Alikuwa anatazama mikono, jinsi ilivyokuwa inakutana katikati ya sinia.

Niliambiwa nisikanyage alipokanyaga akitoka kuoga. Mimi nikaufanya mchezo. Niliwaita watoto wa jirani tukawa tunaruka nyayo zake zilizolowa, tukipiga kelele kwamba atakayegusa ataoza. Yeye alikuwa anasimama na taulo lake akisubiri tumalize. Nilipenda sana kuwa na mtu wa kumkimbia.

Mwishowe baba alimpeleka zahanati, baada ya jirani mmoja kumtania kwamba nyumba yake inanuka kama kambale waliosahauliwa juani. Nesi alitoa tyubu ndogo nyeupe yenye kizibo chekundu. Akasema apake asubuhi na jioni, akaushe miguu, avae ndala, asiingie majini mpaka apone. Dawa ile ilinuka kafuri na mpira mpya. Baada ya wiki mbili ngozi ilianza kujifunga, na Skola alikuwa anaketi uani jioni akivitanua vidole vyake na kuvikagua kimoja kimoja. Alimwonyesha mama.

"Hizo hazijapona," mama alisema bila kuinama. "Zinajificha. Hata zikikauka, zimo ndani."

Kwa hiyo sahani haikurudi kwenye kundi la sahani nyingine. Kupona kusingemsaidia, na alilijua hilo.

Msimu uliofuata, Skola akiwa bado anapaka dawa, ndipo akaja bibi shamba. Alikuja kwa pikipiki, amevaa mabuti ya mpira na kofia ya pama, akitafuta mkulima wa kumpa shamba la majaribio. Baba alijitolea haraka kwa sababu mbegu zilikuwa za bure. Shamba letu la mahindi lilikuwa upande wa juu, ambako mafuriko hayafiki, udongo wake mwekundu umechoka. Wakulima kama ishirini wakakusanyika. Bibi shamba alinyanyua mfuko juu wote tuuone.

"Humu ndani," alisema, "nimewaletea fangasi."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, tunazo za kutosha miguuni, ungetuletea chumvi." Wakacheka, na yeye akacheka nao.

"Hawa ni rafiki, mzee. Hawa wanaishi na mizizi."

Nilishika neno moja: hawa. Sisi nyumbani tulisema fangasi hizi, fangasi imemshika. Yeye alisema fangasi hawa, kama anazungumza habari za wageni waliofika kwa heshima. Nilimtazama Skola aliyekuwa nyuma ya watu na jembe begani. Naye alikuwa amelishika neno lilelile, nilimwona usoni.

Bibi shamba alimimina kidogo kiganjani. Ulikuwa mchanga tu wenye vipande vya mizizi iliyokatwakatwa. Akasema wenyewe hawaonekani kwa macho. Ukiuweka mchanga huo kwenye shimo, chini ya mbegu, fangasi wanaingia ndani ya mzizi, halafu wanatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazokwenda mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na kuleta maji na chakula. Mmea nao unawalipa kwa sukari.

"Na kunde?" baba aliuliza.

"Kunde vilevile. Mkipanda mahindi na kunde pamoja, nyuzi zilezile zinashika mizizi ya huyu na ya huyu. Ni kama wanakula sinia moja."

"Wanapata sawasawa?" aliuliza yule mzee.

"Si lazima. Mwenye mkono mrefu anaweza kuchota zaidi. Ndiyo maana tunapima."

Kisha akatoa sharti. Sehemu moja ingekuwa na mahindi matupu, nyingine kunde tupu, nyingine mahindi na kunde pamoja, na kila sehemu ingegawanywa: nusu na fangasi, nusu bila. Upande wenye fangasi hakuna kuingiza dawa ya kuua fangasi. Hata mbegu alizileta zisizopakwa dawa. "Mkiweka dawa mmewaua hawa rafiki," alisema, "na mimi nitakuwa nimekuja bure."

Naapa kwamba nilielewa vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na neno lilikuwa moja. Kwetu fangasi ilikuwa kitu kinachokaa kati ya vidole vya Skola. Sasa mtu wa serikali, mwenye pikipiki, amesema kitu hicho ni rafiki, kinafanya viumbe wawili wale sinia moja, na dawa yake imekatazwa. Tulipanda siku ileile, na tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimvuta Skola nyuma ya wengine.

"Umesikia? Dawa imekatazwa."

"Si ya shambani ile?"

"Kasema dawa ya kuua fangasi. Yako inaua nini?"

"Nesi kasema nipake kila siku."

"Nesi analima?" nilimuuliza. Nilisikia utamu wa kumwamrisha mtu aliyenizidi urefu. "Wewe ndiye utakayepalilia pale. Ukipaka, utawaua. Usipopaka, mahindi yakikubali, mama ataona fangasi zako ni rafiki. Utakula sinia moja na sisi. Si kasema mwenyewe?"

Alisimama katikati ya njia. "Shangazi atakubali?"

"Nitamwambia mimi."

Skola hakuwa mjinga. Alikuwa ananizidi kila hesabu. Lakini mtu mwenye njaa hukubali hesabu ambayo aliyeshiba angeikataa, na njaa yake haikuwa ya chakula.

"Nitaacha siku tatu," alisema. "Nione."

Sikumwamini. Siku ya pili, yeye akiwa kisimani, niliingia stoo, nikaitoa tyubu chini ya mkeka, nikaenda nayo chooni na kuitumbukiza tunduni. Haikutoa sauti yoyote. Nilitoka nikanawa mikono kwa sabuni kama mtu mwenye adabu.

Siku ya nne Skola alianza kuitafuta. Alikung'uta mkeka, akahamisha magunia, akaniuliza kama nimeiona. Nikasema labda panya. Mama alisikia.

"Dawa ya hospitali imepotea? Aliyepewa ndiye aliyepoteza."

Alimchapa kwa mwiko wa ugali, mgongoni na kwenye mikono, na Skola hakunitaja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni natafuna muhogo mbichi. Nakumbuka muhogo ulikuwa mtamu, wa kutoka bondeni, na kwamba sikuacha kutafuna.

Siku kumi na mbili baada ya kupanda, bibi shamba alirudi kuhesabu miche iliyoota. Nilimfuata mstari kwa mstari nikimbebea kamba. Alikuwa mtu mwepesi kuzoeleka, kwa hiyo nilimuuliza kama fangasi wa mahindi na wale wa miguuni ni wamoja.

Alicheka, akachuchumaa ili tutazamane. "Hapana, mwanangu. Ni watu wa makabila tofauti kabisa. Hawa hawamli mtu. Wale wa miguuni hawasaidii shamba hata kidogo, wanamla mwenyewe tu."

"Na dawa ya miguuni?"

"Haina neno na shamba. Mgonjwa apake tu dawa yake." Akaniangalia vizuri. "Kwani nyumbani kuna anayeumwa?"

Skola alikuwa mistari kama kumi mbele yetu, ameinama, anang'oa majani. Ningeweza kunyoosha kidole.

"Hakuna," nilisema.

Kosa langu lilidumu siku kumi na mbili. Yaliyofuata hayakuwa kosa, yatafutiwe jina jingine. Watu wawili nimewahi kuwasimulia habari hii, padri na mume wangu, na wote wawili walinifariji kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini mtoto aliyejua. Kusema ukweli kungemaanisha kusema habari ya choo, na mwiko ungehamia kwangu. Nikapiga hesabu, na safari hii niliifanya mwenyewe: mgongo wangu au miguu yake.

Mvua zikashika. Mahindi yaliyokaa na kunde na fangasi yalianza kuacha mengine nyuma. Majani yake yalikuwa ya kijani kizito, mashina yamenenepa. Baba alikuwa anawaita wapita njia waje kuona. Nami nilimpeleka Skola.

"Ona," nilimwambia. "Kazi ya miguu yako hii."

Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu aje. Kesho yake nilimkuta amevua ndala, amezining'iniza kwenye tawi, anapalilia peku kwenye tope. Alipofika kwenye hindi lililodumaa alisimama, akaweka mguu kwenye shina lake, akaukandamiza udongoni taratibu kwa vidole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akahamia kwa jingine. Nilimwona, nilijua ninachokiona, nikarudi nyumbani kucheza rede.

Nilimtazama akifanya hivyo wiki baada ya wiki. Nyufa zilifunguka upya, zikaingia tope, zikatunga usaha. Mguu wa kushoto ulivimba mpaka kifundo kikapotea. Mama alisema ni uvivu unaotafuta kisingizio. Baba alisema apewe uji. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu maradhi yalifichwa na waliokuwa wazima. Skola mwenyewe hakulalamika. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili.

"Umeshamwambia?"

"Bado kidogo. Mahindi yakomae kwanza."

Siku ya kwanza ya kuchemsha mahindi mabichi, mama alipanga manene yote kwenye sinia yakitoa mvuke. Skola alichechemea kutoka stoo, akasimama karibu na jamvi letu kuliko siku zote. Aliniangalia. Nilijua ananingoja nifungue mdomo. Mama akachukua hindi moja, akaliweka kwenye sahani yenye S, akamnyooshea.

"Unasubiri nini? Nenda kakae."

Alikwenda akakaa. Nilikula mahindi matatu.

Wiki moja baadaye wakulima waliitwa shambani kuona matokeo. Mama alivaa kitenge kipya. Kwenye pembe ya shamba kulikuwa na kibanda cha kulindia nyani, akamwingiza Skola humo asubuhi, akamfunika miguu na gunia, akamwambia asitoke kwa sababu kuna wageni na yeye ananuka. Alikuwa na homa tangu juzi yake. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea maji, nikaona mstari mwekundu umepanda kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Nilimwekea kikombe mbali kidogo na mkono wake, nikakimbia. Nilikuwa bado naukimbia mguu ule.

Bibi shamba aling'oa hindi la kila upande, akawaonyesha watu mizizi ilivyotofautiana. Yale yasiyo na fangasi yalikuwa na mizizi michache, inayohesabika. Akaeleza tena habari ya nyuzi na sinia moja. Baba alipigiwa makofi. "Na sijaweka hata punje ya mbolea," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Jua lilikuwa kali. Bibi shamba akaenda kibandani kutafuta kivuli cha kuweka mzani wake.

Alitoka bila mzani.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Akauliza tena, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Ni wa marehemu wifi yangu," mama alisema. "Ana fangasi tu."

Bibi shamba aligeuka akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata, nikiwa nimejificha ubavuni mwa baba.

"Nilikuuliza," alisema. "Ukasema hakuna."

Watu wote walinitazama, lakini hakuna aliyeelewa, na mimi sikuwaeleza. Skola alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya bibi shamba na baba. Wakati wanampakia gunia lilidondoka, na wale wanawake waliokuja kushangilia mahindi wakaziba pua kwa kanga zao. Yeye akaangalia upande wangu. Nadhani alikuwa anataka kujua kama sasa, mbele ya watu wote hawa, na mahindi yale yamesimama hivyo, nitamwambia shangazi.

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Walisema angecheleweshwa siku nyingine mbili, wangeukata mguu. Shangazi mwingine alikuja kumchukua wodini, akampandisha Mahenge, na hakurudi kwetu hata kuchukua nguo zake. Mama alisema watoto wa watu hawana shukrani, akaitunza sahani. Yale mahindi tuliyala mpaka mvua za mwaka uliofuata. Ningependa kuwaambia kwamba ugali wake ulinikwama kooni. Haukunikwama. Ulikuwa ugali mzuri.

Duka langu la Viwanja Sitini ni la pembejeo. Mifuko ya mchanga ule naiuza, siku hizi imefungwa vizuri na ina picha ya mzizi. Wateja husoma, wanacheka, wananiuliza kama nawauzia ugonjwa wa miguuni. Nami nacheka nao, nawaeleza, nasema fangasi hawa. Nawaambia watoe wasiwasi, wale wa miguuni ni wengine kabisa. Nimelisema hilo kwa watu wengi sana. Aliyelihitaji sikumwambia.

Skola alikuja msibani siku ileile ya tatu, kwa basi la asubuhi. Sikumtambua mpaka alipotembea. Alikuwa mama mnene mwenye kitambaa kichwani na viatu vya kufunika, na kila hatua ya kushoto ilikuwa inaegemea nje kidogo. Alisalimia wazee mmoja mmoja, akaniambia pole, akanishika mikono yote miwili kama inavyotakiwa. Masinia yalikuwa yameshapangwa kwenye majamvi, wanawake watano watano. Nilimnawisha mikono mwenyewe. Nilichukua muda, nikimwagia maji polepole, nikimtafutia nafasi kwenye sinia langu.

"Karibu, dada," nilimwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. "Karibu tule pamoja."

"Asante." Hakuketi. Alikuwa anaangalia mlango wa stoo. "Sahani yangu ipo?"

"Sahani gani?"

"Ile ya bati."

Wanawake wanne walikuwa wanatusubiri, mikono yao iko juu ya wali.

"Haipo," nilisema. "Ilishatupwa, zamani sana."

Skola alijifuta mikono kwa upindo wa kanga yake, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Mama yako hakuwa mtu wa kutupa kitu," alisema, kwa upole, kama anamsifu marehemu. "Mtupaji ulikuwa wewe."

Nikaingia stoo, nikalisogeza pipa, nikamletea.